Kiingereza Kinachojibiwa: Namna ya Kuwaunganisha Wanafunzi wa Kigoma na Tabora Waandikiane Mtandaoni

Mwaka 2024, hapa Ujiji, Kigoma, nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye kwa muhula mzima sikuwahi kuisikia sauti yake kwenye kipindi cha Kiingereza. Ukimwuliza swali anasimama, anatazama dawati, anasubiri umwambie akae. Siku moja wakati wa mapumziko alinifuata ofisini, daftari mkononi.

"Shikamoo mwalimu. Rafiki yangu wa Tabora kaandika babu yake anafuga 'small bees'. Mbona nyuki wote ni wadogo? Ana maana gani?"

Nikamweleza kwamba Tabora kuna nyuki wanaoitwa nyuki wadogo. Hawana mwiba wa kuuma, na asali yao ina uchachu kidogo na huuzwa ghali kuliko ile ya kawaida. Kwa Kiingereza wanaitwa "stingless bees". Akaliandika neno hilo, akalipigia mstari, kisha akasimama palepale mezani kwangu akitunga swali la kumrudishia mwenzake. Alifuta mara tatu. Swali lenyewe lilikuwa hili: "If they have no sting, how do they protect their honey?"

Hao wawili walikuwa hawajawahi kuonana. Walikuwa wamebadilishana barua pepe mbili tu, zilizopita mikononi mwa walimu wao. Lakini kwa mara ya kwanza mtoto huyu alikuwa na mtu anayengoja maneno yake ya Kiingereza, akawa na sababu ya kuyatafuta.

Naandika haya kwa mwalimu mwenzangu mwenye wanafunzi wengi, kifaa kimoja na bando dogo. Nimeifanya kazi hii kwa mihula miwili na mwalimu wa Tabora, na nitaeleza ilivyokwenda pamoja na pale nilipokosea.

Kwa nini tujisumbue

Mtoto wetu anamaliza darasa la saba akiwa amesoma karibu masomo yote kwa Kiswahili. Januari anaingia kidato cha kwanza, na ghafla baiolojia, jiografia na hisabati zote ni Kiingereza. Kuandika anaandika kila siku, ila anachoandika ni kile kilichoko ubaoni. Hata insha yake inasomwa na mtu mmoja tu, ambaye anajua jibu na anatafuta makosa. Kwa hiyo anajifunza Kiingereza cha kujihami: sentensi fupi alizowahi kuziona, zisizomletea alama nyekundu.

Ukimpa msomaji ambaye kweli hajui jibu, hesabu inabadilika. Wazo hili si geni. Mwalimu Célestin Freinet wa Ufaransa, katika miaka ya 1920, aliwapa wanafunzi wake wa shule ya msingi mashine ya kuchapia, wakachapa habari za kijijini kwao na kuandikiana na watoto wa shule ya mbali. Sisi leo tunaweza kupata jibu bila kungoja posta.

Hatua ya 1: Mpate mwalimu mwenzako kabla ya kitu kingine chochote

Wengi wetu huanza kwa kuulizana tutumie programu gani. Hilo liache kwanza. Kazi hii inabebwa na watu wawili, wewe na mwalimu wa upande wa pili, na mmoja akilegea yote inaanguka.

Mara ya kwanza niliungana na shule ya mkoa mwingine kwa kupeana namba tu kwenye semina. Tukatuma barua 24. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tano kimya. Kila Jumatatu watoto waliniuliza, "Mwalimu, wamejibu?" mpaka wakaacha kuuliza. Baadaye nikajua kwamba mwenzangu alikuwa ameongezewa vipindi, na barua zilibaki kwenye simu yake. Kosa lilikuwa langu, maana niliwaandikisha watoto kabla ya kukaa naye na kukubaliana. Wale watoto niliwaumiza, na nilipowaambia tena waandike walikuwa na haki ya kusita.

Kwa hiyo na huyu wa Tabora tulizungumza kwa simu mara tatu kabla ya kuwaambia wanafunzi lolote. Tuliandika makubaliano ya nusu ukurasa: idadi iwe sawa kwa sawa, wanafunzi 24 kila upande kutoka kidato kimoja, wiki hii sisi tunatuma, wiki ijayo wao wanajibu, siku ya kutuma ni Ijumaa. Na lililo kubwa kuliko yote: mwanafunzi asipoandika kwa sababu ya ugonjwa au utoro, mwalimu wake ataandika badala yake na kusaini kama mwalimu, ili yule wa upande wa pili asikose barua. Hakuna mtoto anayeachwa bila jibu. Sharti hili mwenzako asipolikubali, tafuta mwingine.

Pangeni pia kalenda. Januari darasa bado halijatulia. Sisi tulianza katikati ya Februari, tukapumzika likizo ya Juni, tukarudi Julai na kumaliza Septemba, kabla ya kuanza kukimbizana na mitihani ya kitaifa.

Niliwahi kuulizwa na walimu wenzangu: kwa nini Tabora, na si Uingereza au Marekani? Mtoto anayeanza kujaribu anahitaji msomaji asiyemtisha. Mwenzake wa Tabora naye anahangaika na Kiingereza hichohicho, kwa hiyo haoni haya. Tena watu wa Kigoma na Tabora wana mengi ya kuulizana. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo mizigo na ndugu vinapita humo. Hata hivyo mtoto wa Ujiji hajui mzinga wa gome unatundikwaje mtini, na mtoto wa Tabora hajawahi kuliona ziwa usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga kama mji mwingine juu ya maji. Tofauti hiyo ndiyo mtaji wenu.

Wataandikiana Kiswahili? Wachache watajaribu. Sisi tulikuwa na kanuni moja tu: jina la kitu cha nyumbani linaruhusiwa kwa Kiswahili, ila lazima lifuatwe na maelezo yake kwa Kiingereza. Nitairudia hapo chini, kwa sababu ndiko tulikovuna zaidi.

Hatua ya 2: Ruhusa na usalama wa watoto

Hapa sina mzaha, na usiruke. Mwone mkuu wa shule, kisha andika barua kwa wazazi, kwa Kiswahili, ukieleza watoto wataandikiana na nani, kuhusu nini, na nani atasoma. Ambatanisha sehemu ya mzazi kusaini. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za mtoto zinahitaji uangalifu kuliko za mtu mzima.

Kwa kuwa shule zetu haziruhusu wanafunzi kuja na simu, na wengi nyumbani hawana, usimfungulie mtoto akaunti yake. Fungua akaunti moja ya barua pepe ya darasa, nenosiri ulijue wewe na mwalimu mmoja mwingine. Barua zote zinatoka hapo na kuingia hapo. Wanafunzi wanatumia jina la kwanza tu. Hakuna namba ya simu, hakuna jina la mtaa wanaoishi, hakuna picha ya uso. Kila barua inasomwa na mwalimu kabla ya kwenda, na watoto waambiwe hivyo tangu siku ya kwanza, wasije wakahisi wamepelelezwa.

Jambo moja zaidi. Ukisoma barua ukakuta mtoto anaeleza njaa, kipigo au hofu ya nyumbani, hiyo imeshatoka kwenye somo la Kiingereza. Usiitume. Mwite mtoto kwa faragha, na mhusishe mwalimu wa malezi. Mimi ilinitokea mara moja, na nashukuru barua ile ilipita kwangu kwanza.

Hatua ya 3: Vifaa na bando

Mimi nilitumia kishikwambi, vile walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022. Simu ya kawaida yenye intaneti inatosha. Gharama isikutishe: barua 24 za maneno kama 150 kila moja, zikiwa maandishi matupu, hazifiki hata KB 100. Picha moja uliyopiga kwa simu inaweza kufika MB 3. Kwa hiyo maandishi kwanza. Picha iwe moja kwa mwezi, ya darasa zima, mathalani dagaa walioanikwa kwenye chanja.

Ratiba yetu ilikuwa hivi. Jumanne wanaandika kwa kalamu daftarini. Jumatano wanasomeana wawili wawili. Alhamisi baada ya vipindi wanachapa kwa zamu, kila mmoja dakika kumi, wanane kwa siku. Wengine wanamalizia mapumziko ya Ijumaa, na wasiowahi ninawachapia mimi kama walivyoandika. Kuchapa hakuhitaji mtandao. Ijumaa jioni ninajiunga bando, ninatuma zote kwa mkupuo. Majibu yakija ninayapeleka steshenari, yanachapishwa mawili kwa ukurasa, ninayakata kwa mkasi na kumpa kila mmoja yake mkononi. Sehemu hii ya karatasi usiiache. Barua ya karatasi mtoto anaikunja, anaiweka ndani ya daftari, anaisoma tena akiwa nyumbani.

Weka kibodi ya kifaa kwenye lugha ya Kiingereza, lakini zima ile huduma ya kusahihisha yenyewe. Kwetu iligeuza majina ya mahali kuwa maneno yasiyohusika, na mtoto asiye na uhakika anaamini mashine kuliko nafsi yake.

Hatua ya 4: Barua ya kwanza

Ukiwaachia huru, wote wataandika kitu kimoja. Nilipokea 24 zinazofanana kama sare: "My name is so and so. I am fifteen years old. I like football. My best food is rice." Ni sahihi zote, na hakuna hata moja yenye cha kujibiwa.

Nyingine zilianza kwa salamu ndefu. Sisi tumelelewa kwamba barua ya heshima hueleza kwanza hali ya mwandishi, ikaomba kujua hali ya msomaji, ikamshukuru Mungu, ndipo ikaingia kwenye lengo. Mtoto akaitafsiri: "The aim of this letter is to know your condition." Usimcheke wala usiifute tu. Mweleze kwamba heshima hiyo kwa Kiingereza inabebwa na mambo madogo: "Dear" mwanzoni, sentensi moja ya "I hope you are well", kisha moja kwa moja kwenye habari. Mweleze pia kwamba ufupi huo si utovu wa adabu. Walikuwa na wasiwasi wa kweli na jambo hili, na mmoja aliniuliza mwalimu wa Tabora ataonaje kama hakumwamkia. Shikamoo haina neno lake kwa Kiingereza. "Good morning, sir" au "madam" inatosha, na adabu nyingine inaonekana kwenye namna ya kuomba.

Vivyo hivyo neno pole. Mwanafunzi wa Tabora aliandika kwamba alivunjika mkono, na wa kwetu akajibu "Sorry" peke yake. Kwa Kiingereza neno hilo likisimama pekee laweza kusikika kama anayeomba radhi. Mfundishe "I am sorry to hear that", tena afuatishe swali: "How is your hand now?"

Baada ya zile 24 nilibadilisha maelekezo. Niliwaambia: andika kuhusu kitu kimoja tu ulichokiona kwa macho yako wiki hii, kisha uliza swali moja ambalo hujui jibu lake. Mmoja akaandika: "Yesterday we dried dagaa on the sand and the rain came. We ran with the baskets but half were wet. When the honey is ready in Tabora, can rain spoil it?" Kaeleza anachokijua, kauliza asichokijua. Hiyo ndiyo barua.

Marufuku nyingine iwe kunakili kitabu. Mwanafunzi wangu mmoja alipeleka aya nzima kuhusu Livingstone na Stanley kukutana Ujiji mwaka 1871. Mwenzake akamjibu kwa adabu kwamba wameisoma darasani. Nikamwambia aende pale kwenye kumbukumbu siku ya Jumamosi, akae, aangalie ni nani anapita na nani anauza nini karibu na ile miembe. Barua yake ya pili ilikuwa na makosa mengi zaidi na ilijibiwa kwa ukurasa mzima. Ndivyo ilivyo hata kwa MV Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Kwamba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924 na kurudi kazini 1927, hayo yako kwenye vitabu. Ila kwamba bibi yako aliipanda kwenda Kasanga akiwa na mimba ya mama yako, hilo mtu wa Tabora hawezi kulipata pengine popote.

Hatua ya 5: Maneno ya nyumbani yasiyo na Kiingereza

Hapa nakuomba ukae muda mrefu. Mtoto wa Kigoma anataka kuandika kuhusu mgebuka. Kamusi haimsaidii. Anakuja kwako, na wewe pia huna neno. Msishtuke wote wawili. Andika ubaoni maswali manne: Kinafananaje? Kinapatikana wapi? Kinafanyiwa nini? Kinafanana na kitu gani ambacho msomaji anakijua? Kutoka hapo darasa zima lilijenga pamoja: "Mgebuka is a long silver fish from Lake Tanganyika. It has few small bones. We dry it with smoke or fry it in palm oil. It is bigger than dagaa but smaller than your arm."

Angalia kilichotokea. Wametumia vivumishi, ulinganishi, wakati uliopo, na "or", bila mimi kutaja jina la kanuni hata moja. Huo ndio ujuzi watakaouhitaji siku zote: kueleza kitu ambacho huna neno lake. Dagaa nao tuliwajadili. Wapo waliotaka "sardines", na si kosa, ila anayesoma anaweza kuwaza samaki wa kopo. Tukakubaliana liandikwe dagaa, lifuatwe na sentensi moja.

Mwaka ule wa 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Shule zilipofunguliwa tena Julai, mwanafunzi wa Tabora aliuliza kwa nini dagaa wamepanda bei sokoni kwao. Wangu walikuwa na jibu kamili, kwa sababu wengine baba zao walikuwa wamekaa nyumbani. Walihitaji "because", "so that", "until", "since". Nilizifundisha siku hiyo kwa dakika ishirini na hakuna aliyesinzia. Kwa hiyo ongozana na maswali yanayoingia: sarufi ya wiki ichague kutoka kwenye barua walizopokea.

Hatua ya 6: Kusahihisha

Swali gumu kuliko yote. Awamu ya kwanza nilichukua kalamu nyekundu nikasahihisha kila kitu kabla ya kutuma. Barua zikawa safi, na kila wiki zikazidi kuwa fupi. Mwanafunzi aliyekuwa akiandika mistari kumi na mitano alifika mistari minne, yote salama. Nikaona nimewarudisha kulekule kwenye kujihami. Nikaiweka kalamu.

Sasa nafanya hivi. Kabla ya kutuma nagusa mambo mawili tu: usalama, na sentensi ambayo mimi mwenyewe siielewi. Hiyo ya pili siiandiki upya, namwuliza mtoto kwa Kiswahili, "Ulitaka kusema nini?" halafu namwacha ajaribu tena. Mengine yanakwenda yalivyo, na mara nyingi msomaji anayasahihisha kwa kutoelewa. Mmoja aliandika kuhusu jirani yake muuza samaki: "He gave birth to twins." Mwenzake akauliza, kwa mshangao wa kweli, kama jirani huyo ni mwanamume. Kiswahili chetu hakitofautishi; a- ni wote. Nimefundisha "he" na "she" kwa miaka, lakini swali lile moja lilifanya kazi kuliko mimi. Wiki iliyofuata nilimwona akisoma barua yake kwa kidole, akisimama kwenye kila "he".

Lakini kuna makosa ambayo Mtabora hatayaona, kwa sababu naye anayo. Ndio udhaifu wa kuwaunganisha Waswahili wawili, na lazima uujue. Mwanafunzi akiandika "My brother borrowed me his bicycle", mwenzake anaelewa vizuri kabisa, maana kwetu kuazima ni kwa anayetoa na anayechukua. Akiandika kwamba baba yake anaingia ziwani "at twelve in the evening", hakuna atakayeshangaa, kwa sababu wote wanahesabu saa kuanzia mapambazuko. Makosa ya aina hii ndiyo fungu lako, mwalimu. Yakusanye kwenye daftari kwa wiki mbili, futa majina, andika matano ubaoni, darasa liyarekebishe kwa pamoja. Matano tu. Yale ya saa niliwachorea saa mbili ubaoni, moja ya Kiswahili na moja ya Kiingereza, zikibaki pale mwezi mzima.

Mwezi wa mwisho tuliongeza msomaji wa nje. Alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili, aliyekuwa Kigoma kikazi. Nilimpa barua nne zisizo na majina, nikamwomba asisahihishe, apige mstari tu pale alipopotea. Kwenye ile "twelve in the evening" aliandika pembeni: je, baba anavua usiku wa manane au mchana? Darasa likaelewa kwa nini saa mbili zilikuwa ubaoni. Kama unaye mtu wa aina hiyo, mtumie mwishoni, watoto wakishazoea. Mwanzoni angewatisha.

Hatua ya 7: Wale wanaobaki nyuma

Kila darasa lina watatu au wanne ambao hata sentensi mbili ni mlima. Usiwaweke pembeni kuwa watazamaji. Mkalishe mmoja na mwenzake anayemwamini. Aseme kwa Kiswahili, wote wawili watafute Kiingereza, ila kalamu aishike yeye. Sentensi tatu zinatosha kuwa barua, mradi ya tatu iwe swali. Mwombe mwalimu wa upande wa pili awape hawa wenzi wenye subira na wanaouliza sana. Tulifanya hivyo kwa makusudi, na yule wa nyuki alikuwa mmoja wao.

Wanaotumia mashine za kutafsiri utawajua, barua inakuja laini mno na haina alama ya mwandishi. Mimi siwagombezi. Namwita, namwomba anisimulie barua yake bila kuiangalia. Anachoweza kusimulia kinabaki, asichoweza tunakiandika upya. Kwa kuwa rasimu ya kwanza ni ya kalamu na inaandikwa darasani, tatizo hili lilikuwa dogo.

Hatua ya 8: Kupima bila kutoa alama

Barua usiipe alama, ukiipa tu imegeuka insha. Mimi naweka barua ya kwanza na ya sita ya kila mwanafunzi kwenye faili moja, kisha naangalia mambo matatu: ameuliza maswali mangapi yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, amejibu yote aliyoulizwa, na ameeleza angalau kitu kimoja ambacho msomaji hakuwa nacho. Halafu namwonyesha mwenyewe zote mbili, zikiwa bega kwa bega mezani. Mara nyingi hana haja ya kuambiwa lolote. Mmoja aliisoma ile ya Februari akaniuliza kama kweli ni mwandiko wake.

Faili hilo lipo kwenye kabati la idara, nalo halitoki shuleni. Kidato cha kwanza wanaoingia Januari hupewa barua mbili za mwaka uliopita, moja ya Ujiji na moja ya Tabora, majina yakiwa yamefunikwa, wazisome polepole kabla hawajashika kalamu kuandika yao ya kwanza.